Mtu wa Arobaini wa Matonya

Dodoma, 6 Machi 1911

Kwa dada yangu Ruthu, Kibakwe.

Shikamoo dada. Barua hii ikikukuta shambani, kaa kwanza kivulini ndipo uisome, maana ni ndefu. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo wa huku. Mguu wa mama unaendeleaje? Na shemeji Silvano hajambo? Tangu nilipokwenda kusoma misheni Mpwapwa sijamwona, mwaka wa tano sasa. Msalimie sana.

Dada, nilikuja Dodoma kutafuta kazi ya ukarani, nikaambiwa makarani wametosha, wanaletwa kutoka Tanga wakiwa tayari wamevaa viatu. Sasa nina shida. Mtu asiye na kazi hapa hukamatwa na watu wa akida, akapelekwa kuvunja mawe ya barabara ya boma. Juzi wamemchukua jirani yangu akiwa na sahani mkononi. Kwa hiyo lazima niandikwe kazi upesi, na ili uandikwe lazima upitie kwa wakala. Wako watatu, nami nataka shauri lako nimchague yupi.

Wa kwanza ni Athuman, mtu wa Kondoa. Anatafutia watu mashamba ya mkonge ya pwani. Ana ngoma na sufuria ya wali, na anaandika kila apitaye. Wiki iliyopita alimwandika kipofu, na jana alimwandika mtu aliyekuja kumwomba moto wa kiko.

Wa pili ni Mgiriki mmoja, anatafuta watu wa kulaza reli kuelekea Tabora. Kiswahili chake ni maneno mawili, "mkono" na "haya". Anakubana mkono, kisha anasema haya, nawe umekwisha andikwa. Alimbana askari wa boma kwa makosa, ikawa maneno.

Wa tatu anaitwa Matonya, Mgogo wa makamo, anakaa kwenye kigoda nyuma ya duka la Mhindi. Huyu, dada, anakataa watu. Anakuuliza maswali, anakutazama unavyotembea, halafu anasema, "Nenda ukarudi mwezi ujao." Na mstari wa watu mbele yake ni mrefu kuliko ile miwili ukiiunganisha. Nilimuuliza mzee mmoja aliyesimama pale, "Kazi yenyewe ni ipi?"

Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya sanda mbele ya wafiwa. "Hajui mtu," akasema. "Lakini mimi amenikataa mara nne, kwa hiyo lazima ni kazi nzuri."

Niambie la kufanya.

Ndugu yako,
Yotham


Kibakwe, 2 Aprili 1911

Kwa mdogo wangu Yotham.

Marahaba. Barua yako ililetwa na mwalimu Bartolomayo, yule anayekuja kutufundisha kila mwezi kutoka Mpwapwa, ikiwa imelowa mvua upande mmoja, lakini nimeisoma yote. Mama anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Anasema ule, hata kama ni ugali na mlenda kila siku. Mvua ilikuja mara moja tu ikiwa na hasira, mlima ukaporomoka na kufukia mfereji wa wazee, ule unaoleta maji mashambani. Maharage ya bondeni yote yamekauka. Nalima peke yangu, mgongo unajua.

Silvano yupo, anapumzika.

Kuhusu mawakala, nenda kwa Mgiriki. Reli inaonekana kwa macho, mtu akikuuliza unafanya nini unamwonyesha kwa kidole. Athuman wa Kondoa mwogope, mtu akikupa wali kabla hujamwomba, jiulize shamba lake lina nini.

Huyo wa tatu mwache. Sisemi zaidi.

Dada yako,
Ruthu


Dodoma, 9 Mei 1911

Dada yangu, shikamoo.

Nimefurahi mama anatembea. Habari ya mfereji imenihuzunisha. Umeandika shemeji anapumzika, lakini hukusema anapumzika kutokana na nini. Kama ni kifua, hapa kuna mganga wa misheni apitaye kila mwezi. Niandikie ugonjwa wake nimuulize.

Ningekwenda kwa Mgiriki kama ulivyosema. Niliondoka asubuhi kabisa na mkono wangu umekunjuliwa tayari. Lakini njia ya kwenda kwake inapita kwa Matonya, nikasema nisimame mstarini kidogo tu nione. Nilifika mbele jioni.

Aliniuliza, "Wewe na mwenzako mmebeba mzigo mmoja. Mwenzako ameanguka. Mzigo unauweka wapi?"

Nikasema, "Chini."

"Chini wapi?"

"Chini popote. Kwanza namtazama mwenzangu."

Akatafuna kijiti chake, kisha akaniambia nikae ardhini nimngoje alale. Akalala pale pale kwenye kigoda. Jua liliniwakia hata nikaona nyota. Alipoamka akasema wengi huwa wanamwamsha, wengine wanakwenda zao, na mmoja alimwibia kijiti. Akanipa jiwe, akasema nilipeleke Mvumi na kurudi nalo.

Nilikwenda. Nilipokuwa navuka korongo wakati wa kurudi, jiwe lilinitoka likazama matopeni. Nilitafuta mpaka nikachoka, nikaokota lingine linalofanana nalo. Lakini nilipofika mbele yake nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Hili silo. Lako limepotea korongoni."

Matonya akaligeuza mkononi muda mrefu. "Mimi lile silikumbuki," akasema. "Lakini nimetuma watu zaidi ya mia Mvumi, na wewe ni wa kwanza kupoteza jiwe. Wengine wote wamelirudisha."

Watu mstarini wakaanza kunitazama kwa heshima, dada. Mmoja akanipa nafasi kivulini. Sijui kazi ni ipi bado, lakini nimekwisha kataa wali wa Athuman mara mbili bila kujua nimepata wapi nguvu hizo.

Yotham


Kibakwe, 20 Mei 1911

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Kuku wawili wamechukuliwa na mwewe. Mengine ya nyumbani nitaandika siku nyingine.

Silvano hana ugonjwa.

Yotham, nakuomba kama dada yako niliyekubeba mgongoni, usiweke jina lako katika daftari la mtu huyo. Akikwambia umefaa, kimbia. Akina Athuman huchukua mikono ya mtu miezi sita wakairudisha. Huyu anachukua kitu kingine. Usiniulize nimejuaje.

Ruthu


Dodoma, 28 Juni 1911

Dada Ruthu, shikamoo.

Niko mzima, naomba nawe uwe mzima, na mama pia. Nina habari, na sijui niite njema au vipi.

Nimeandikwa. Ilikuwa hivi. Nilipoitwa mara ya tano, maswali yalikuwa yamenichosha, basi nikathubutu kumuuliza yeye. Nilisema, "Bwana Matonya, na wewe ulipoandikwa kazi hii, uliulizwa nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Matonya akavua kilemba chake, akakiweka juu ya goti.

"Sikuulizwa kitu," akasema. "Mzungu mmoja alipita na msafara, mwaka ule kabla ya reli, akielekea Kilimatinde. Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe. Akaninyooshea kidole. Akasema, 'Wewe, nitafutie watu arobaini wazuri. Nitarudi.' Akanipa daftari na kalamu, akaenda."

"Wazuri kwa kazi gani?"

"Hakusema. Ndiyo maana nauliza kila kitu."

Dada, mtu huyu amechagua watu kwa miaka minne kwa ajili ya mwenye kazi asiyejulikana atarudi lini, kwa kazi asiyoijua. Na hakuchukua kitu kwa mtu yeyote. Wale aliowachagua aliwaambia waende nyumbani wangoje kuitwa. Walifika thelathini na tisa, halafu akasita. Kwa miaka miwili amekataa kila mtu. Nadhani aliogopa, maana daftari likijaa, asubuhi yake atafanya nini?

Akalitoa kwenye mfuko wa ngozi ya mbuzi. Ni daftari la mistari arobaini, mzungu mwenyewe ameandika namba pembeni, moja mpaka arobaini. Akanipa kalamu. Nilikuwa naandika jina langu kwenye mstari wa mwisho, macho yakapanda juu, nikaona mstari wa kumi na saba. Umeandikwa "Silvano wa Kibakwe", ile S imegeuka nyuma, kama ulivyomfundisha wewe mwenyewe kwenye mchanga kabla hamjaoana.

Dada, shemeji anapumzika tangu lini?

Yotham

Nilipokuwa nataka kukunja karatasi hii ndipo barua yako ya Mei iliponifikia. Mwalimu Bartolomayo aliugua homa Mpwapwa, nayo ililala kwenye mfuko wake wiki tano. Wino wangu ulikuwa umekwisha kauka daftarini.


Kibakwe, 25 Julai 1911

Mdogo wangu Yotham,

Mama ni mzima na amekula leo. Sasa nitakwambia, maana umekwisha ona mwenyewe.

Silvano alirudi kutoka Dodoma mwaka 1908 akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya harusi yetu. "Nimechaguliwa," akasema. Watu walikuja kumpa mkono. Tangu siku ile hajashika jembe. Anasema mtu aliyechaguliwa hana ruhusa ya kujiumiza kabla ya kuitwa, kwa kuwa mwili wake si wake tena. Hapandi mti, habebi kuni, havuki mto ukijaa. Kila asubuhi anaoga, anavaa shuka safi, anakaa kwenye jiwe mlangoni akitazama njia. Majirani niliwaambia ni kifua. Mwaka wa kwanza nilingoja pamoja naye. Mwaka wa pili nililia. Sasa nalima.

Si mtu mbaya, Yotham. Hanipigi, hanywi pombe ikamshinda. Anangoja tu. Ningejua namna ya kumchukia ningepata usingizi.

Juzi mjumbe wa Matonya amekuja kusema daftari limejaa, wote waje. Silvano amekwisha funga mzigo wake, ataondoka kesho. Fundo la mwisho lilimshinda, nikamfungia mimi.

Sasa nisikilize. Mwulize Matonya swali hili: je, lazima mwenye kazi awe yule mzungu? Mimi nina kazi. Mfereji wa wazee umefukiwa, urefu wake ni kutoka maporomokoni mpaka shamba la mama, mawe mengine ukubwa wa ng'ombe. Wanaume wa hapa wameshindwa kwa kuwa ni wachache, wengine wamekwenda reli. Nahitaji watu arobaini wazuri. Nimezungumza na wanawake wa pande zote mbili za mto, watapika kwa zamu. Kila mfanyakazi atapata kipande cha shamba kinachonyweshwa na mfereji. Na jumbe wetu wa kijiji amekubali kumwambia akida kwamba watu hao wako kazini, wasiguswe.

Msomee barua hii kama ilivyo. Usiipambe.

Ruthu


Dodoma, 3 Septemba 1911

Dada, shikamoo.

Wamekuja wote. Sijawahi kuona watu thelathini na tisa waliooga namna ile. Wamenenepa kidogo kwa kungoja, mikono yao laini, kila mmoja na mzigo uliofungwa vizuri. Walijipanga nyuma ya duka la Mhindi kwa utaratibu wa daftari. Shemeji alinikumbatia akaniita "arobaini". Sasa wanaitana kwa namba.

Mgiriki alipowaona alikuja mbio, akabana mikono saba bila kupumua, akasema haya, haya, haya. Matonya akamzuia, akamtafuta mtu wa kutafsiri, akamuuliza, "Majina yao utayajua?" Mgiriki akajibu kwamba atawapa namba. Matonya akatikisa kichwa.

Athuman naye akaja na sufuria nzima. Matonya akamuuliza, "Mwanzoni mwa mwaka huu ulipeleka watu wangapi pwani, na ni wangapi hawakurudi?"

"Wote wamerudi," akasema Athuman.

Matonya akafunga daftari. "Kipofu mbona hajarudi?"

Athuman akabeba sufuria yake.

Ndipo nikasoma barua yako, neno kwa neno. Shemeji alikuwa amesimama mbele yangu. Nilipotaja Kibakwe akauliza, "Kibakwe ipi?"

"Kibakwe yako."

"Mfereji upi?"

"Huo unaopita nyuma ya nyumba yako, shemeji."

Alikuwa ametembea siku tano kuja kuambiwa kazi iko mlangoni pake. Akakaa chini juu ya mzigo wake. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akiwaza nyumbani kwake mwenyewe kuna nini.

Matonya alifikiri siku mbili. Amesema hawezi kukabidhi watu wake kwa mtu asiyemjua, hata kama ni dada wa arobaini. Atakuja kukuuliza mwenyewe. Anakuja nao wote isipokuwa mimi. Lazima mtu mmoja abaki kwenye kigoda na daftari, mzungu akirudi asikute patupu. Nilipomuuliza kwa nini mimi, akasema, "Wewe ukipoteza kitu, unasema."

Basi nimepata kazi, dada. Nakaa.

Yotham


Kibakwe, 30 Oktoba 1911

Mdogo wangu Yotham,

Mama anakusalimu, amekwenda mpaka mtoni kwa mguu wake kutazama watu wakichimba, nami sikuweza kumzuia.

Matonya alifika mbele ya wenzake, akakataa kuketi, akakataa maji. Alinikuta napepeta uwele. Akasema, "Una watu arobaini na chungu cha watu thelathini. Nani hali?"

Nikamwambia, "Mimi. Na yule anayeniuliza maswali wakati chungu kiko motoni."

Akasema, "Kazi ikiisha siku moja kabla ya siku uliyosema, utawatafutia nyingine?"

"Nitawaacha walale."

Akaniuliza la mwisho, "Mmoja wao ni mume wako. Akiwa mvivu utafanya nini?"

Nilikuwa nimemngoja kwa swali hilo miaka mitatu. Nikasema, "Wewe ndiye uliyemchagua. Utamfukuza wewe." Ndipo akaomba maji.

Walianza siku iliyofuata. Siku ya kwanza nilidhani nimefanya makosa makubwa, maana mpaka mchana nusu yao walikuwa wanapuliza viganja. Lakini yule mtu anajua kuchagua, nakiri. Jiwe likimwangukia mmoja mguuni wote wanaacha kazi wanamtazama kwanza, kisha wanarudi bila kuambiwa. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Wakilala mchana wanalala wote, wakiamka wanaamka wote. Wanawake wa hapa wameanza kuuliza wangapi hawajaoa.

Silvano alifanya kazi siku moja na nusu. Siku ya tatu alikaa kwenye jiwe akitazama njia, nadhani kwa mazoea. Siku ya nne Matonya alimwita mbele ya wote akamwambia, "Kumi na saba, nilikosea. Daftari liko Dodoma, lakini nimekufuta kichwani. Wewe si mtu aliyechaguliwa tena."

Alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, hata kwa kilio. Akasimama mlangoni, akasema, "Ruthu, nimefutwa."

Nikasema, "Nimesikia."

"Kwa hiyo naweza kuumia?"

"Unaweza."

Akazunguka nyumba mara moja kama mtu aliyepoteza ufunguo. Akaniuliza jembe liko wapi. Hakujua, Yotham, miaka mitatu hakujua tunaliweka wapi. Nikamwonyesha. Jioni alirudi na viganja vinavyovuja damu, akaomba mafuta ya kupaka, kisha akaomba aongezewe ugali. Tangu siku hiyo analima upande wa juu, mimi wa chini. Hatujazungumza mengi. Jana aliniuliza hili shamba lina mawe hivi tangu zamani, nikamwambia ndiyo.

Maji yalipita kwenye mfereji siku ya Jumanne. Matonya alitembea pembeni yake kutoka juu mpaka shambani, akiyafuata hatua kwa hatua. Halafu akaniuliza kama kuna habari za mzungu. Anauliza kila Bartolomayo akifika.

Dada yako,
Ruthu


Dodoma, 4 Desemba 1911

Dada yangu Ruthu, shikamoo.

Nimefurahi kwa ajili ya mfereji, na kwa ajili ya viganja vya shemeji. Mwambie apake mafuta ya mbarika.

Sasa sikiliza, na usome ukiwa peke yako.

Juzi gari la moshi lilisimama kuongeza maji. Mzungu mmoja mzee akashuka kunyoosha miguu, akapita nyuma ya duka. Akaona daftari magotini pangu, akalichukua bila kuomba, akafungua. "Namba hizi ni mwandiko wangu," akasema, kwa Kiswahili kizuri tu.

Nikasimama. Nikamwambia, "Bwana, mwaka 1907 ulipita hapa na msafara, ukamwambia mtu akutafutie watu arobaini."

Akafikiri. "Inawezekana. Nilikuwa na mashua ya chuma ya kupeleka ziwani, vipande arobaini. Nilipata wapagazi Kilimatinde, siku nne baadaye." Akageuza kurasa. "Mashua yenyewe ilikwisha oza. Hawa ni nani?"

"Ndio watu wako."

Alisoma majina yote, polepole, midomo ikimcheza. "Na wewe unafanya nini hapa?"

"Nakungoja wewe, bwana."

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akauliza wako wapi, nikamwambia wamepata kazi kwa dada yangu. Akauliza yule mtu aliyemwachia daftari anaitwaje. Nikamtajia. Akalirudia jina mara mbili akilitafuta kichwani, halikuwepo. Kengele ikalia, akanirudishia daftari kwa mikono miwili, akapanda.

Nimemrudishia Mhindi kigoda chake, kumbe kilikuwa chake siku zote. Naondoka Alhamisi na daftari. Watu wa akida hawatanisumbua njiani, nina jina la mahali ninapokwenda kufanya kazi.

Matonya akikuuliza kabla sijafika, mwambie mzungu amekuja. Mwambie alimuulizia kwa jina lake, akasoma orodha nzima, akasema watu ni wazuri kuliko alivyoomba. Hayo ya mashua usiyaseme, wala mimi sitayasema, na hili ni jiwe la pili ninalolipoteza, ila safari hii nanyamaza.

Barua hii itie motoni. Kwanza mpe mama salamu zangu.

Yotham